Muziki wa sikukuu za majira ya baridi: ukikinai kabla ya tarehe 24, lawama ni ya kutofuata kalenda

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kila mwaka Novemba ikiingia mjadala ni uleule. Wapo wanaoanza kupiga nyimbo za Krismasi siku ya kwanza ya mwezi, na wapo wanaoziba masikio. Kwa walioko nchi za kaskazini hakuna pa kukimbilia: zinakufuata dukani, kwenye lifti, kwenye teksi, hata ukipiga simu ya huduma kwa wateja unasubirishwa nazo. Na rekodi zenyewe ni zilezile chache, zinazunguka. Sikukuu inapofika mtu hataki hata kusikia kengele.

Mimi naona muziki wenyewe unaonewa. Mila za majira ya baridi ziliupa kila wimbo siku yake, na nyingine saa yake kabisa. Tulichofanya sisi ni kuzikusanya zote, tukaziachia kwa mpigo kwa wiki nane. Anayetaka kuufaidi muziki huu afuate kalenda. Naanza na tarehe za mwanzo. Penye utamu nitakaa, pengine nitapita haraka.

Kwanza tuelewane. Kwa utaratibu wa kanisa, Desemba karibu yote ni Majilio, kipindi cha kungoja chenye Jumapili nne, na kina nyimbo zake, nyingi za sauti ya unyonge kidogo. Krismasi huanza usiku wa tarehe 24, kisha zinafuata siku kumi na mbili mpaka mkesha wa Epifania, sikukuu ya mamajusi ya Januari 6. Kwa hiyo yule anayetupa mti tarehe 26 akisema "imeisha" ameondoka ukumbini wakati watu ndio wanaingia.

Sasa wapo waliojipa ruhusa ya kuanza mapema, na hao siwagusi, kwa sababu wanaimba wenyewe. Vijiji vya pembeni ya Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, kuanzia katikati ya Novemba mpaka siku baada ya Krismasi watu hujaa baa Jumapili mchana na kuimba nyimbo za Krismasi ambazo kwingine huzisikii. Hakuna kwaya wala jukwaa. Kuna kinanda kidogo pembeni, mtu anapiga utangulizi, na baa nzima inaitikia kwa sauti nne, glasi mkononi. Nyimbo hizo zilikuwa za makanisa ya vijijini, zama ambazo bendi ya wanakijiji ilikaa ghorofani nyuma ya kanisa na kupiga fidla na zumari. Karne ya 19 wachungaji wakaamua zile bendi ni za kihuni, wakaleta vinanda vikubwa na vitabu vipya vya nyimbo. Waimbaji wakahamisha nyimbo zao baa, na huko zimedumu mpaka leo. Kuna shairi moja la wachungaji wa kondoo usiku, "While Shepherds Watched", ambalo wanaliimba kwa tuni kadhaa tofauti kikao kimoja, na hakuna anayeona ajabu.

Desemba 13 ni ya Uswidi: siku ya Mtakatifu Lucia. Hii huwezi kuipenda mchana. Inafanyika asubuhi na mapema kukiwa bado giza totoro, shuleni, kanisani, hata maofisini. Taa zinazimwa. Unaanza kusikia sauti kwa mbali kabla hujaona mtu. Halafu mlango unafunguka, anatangulia binti mwenye kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani, nyuma yake wasichana wenye mshumaa mmojammoja na wavulana wenye kofia nyeupe ndefu zilizochongoka, zimebandikwa nyota. Wanatembea polepole, kwa sababu nta ya moto ikidondokea nywele hakuna wimbo tena (siku hizi mataji mengi ni ya betri, na wazazi wamelala usingizi). Tuni wanayoimba imetoka Napoli, Italia, ambako ilikuwa wimbo wa mwenye mashua akiisifu bahari tulivu. Waswidi wakaitia maneno yao ya usiku mzito na mwanga unaoingia nyumbani. Tarehe nayo ina maana: kwa kalenda ya zamani, usiku wa Lucia ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote ya mwaka.

Tarehe 24 nimeiwekea sehemu yake. Nipumue kwanza, karibuni mchangie.

Kinanda Kikuukuu

Mkuu uzi mzuri, ila nina neno. Kwangu za kale ndizo nyimbo, hizi za redio ni biashara tupu. Zile za zamani zilitungwa kwa imani, kwa ajili ya siku yenyewe. Hizi za Marekani ni theluji, kengele na mapenzi.

Mwanzisha uzi

Mkuu Kinanda, hapo tutagombana kidogo, kwa sababu huo mstari kati ya kale na biashara haujanyooka hivyo.

Chukua "Messiah" ya Handel, ambayo kila Desemba lazima iimbwe kwenye majumba ya muziki. Aliiandika 1741 kwa muda wa wiki tatu na ushee, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 13, 1742, karibu na Pasaka. Sehemu kubwa yake ni mateso na ufufuko. Desemba ilihamia baadaye.

"Jingle Bells" ya James Pierpont ilichapishwa Marekani 1857, na ndani yake hamna Krismasi hata kidogo. Ni vijana wanapanda kigari cha theluji kinachovutwa na farasi, wanakwenda mbio, wanapinduka. Desemba 16, 1965 wanaanga wa Gemini 6 waliwatania watu wa kituo cha ardhini kwamba wameona chombo cha ajabu kikitokea kaskazini (yaani Baba Krismasi), kisha wakaipiga kwa kinanda cha mdomo na vikengele. Ndizo ala za kwanza za muziki kupigwa angani.

Na ile ya kengele inayoanza na noti nne zinazojirudia mpaka mwisho, "Carol of the Bells", ni ya Kiukraine. Mykola Leontovych aliipanga kwa kwaya kutokana na wimbo wa kienyeji wa mwaka mpya: mbayuwayu anaingia uani na kumwambia mwenye nyumba kuwa mwaka utakuwa wa neema, mifugo imezaa. Iliimbwa Kyiv 1916. Kwaya ya Ukraine ikaipeleka Carnegie Hall, New York, Oktoba 1922, na maneno ya Kiingereza ya kengele yakaja 1936. Leontovych hakuyaona hayo, aliuawa Januari 1921.

Upande wa redio sasa. "White Christmas" ni ya Irving Berlin, Myahudi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kukimbilia Marekani akiwa mtoto. Bing Crosby aliiimba redioni siku ya Krismasi 1941, wiki chache tu baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, na aliporekodi 1942 askari walioko mbali waliidai kila mahali. Inakadiriwa nakala zaidi ya milioni 50 za toleo lake zimeuzwa. Mwanajeshi aliyekuwa kisiwani kwenye joto akiota theluji ya kwao, utamwambia kile kilio chake ni biashara tupu?

Ninachokubaliana nawe ni kimoja: nyimbo za redio zilitungwa ili zisikilizwe, kwa hiyo zinachosha upesi zaidi zikirudiwa. Wimbo unaouimba mwenyewe, tena na watu, unahimili kurudiwa.

Bi Mshumaa

Ndugu mwandishi, usisahau kuwa sikukuu za majira ya baridi si Krismasi peke yake. Hanuka ya Wayahudi ina usiku nane, na kila usiku mshumaa unaongezeka mmoja. Ukishawasha ndipo unaimba, "Maoz Tzur" ikiwa ndiyo maarufu. Tarehe inafuata kalenda ya Kiyahudi, ndiyo maana mwaka mwingine inaangukia Novemba, mwaka mwingine inagusa Januari. Umesema kila wimbo na saa yake: huu saa yake ni mishumaa ikiwaka, basi. Na desturi hairuhusu kuitumia mishumaa ile kufanyia kazi yoyote, kwa hiyo kinachobaki ni kukaa, kutazama na kuimba.

Mwanzisha uzi

Dada, hapo umenimalizia kazi. Mfano wako ni mzuri kuliko yote niliyoleta.

Sasa tarehe 24, kama nilivyoahidi.

Saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza, redio ya BBC inaunganisha moja kwa moja na kanisa la King's College, Cambridge. Ibada ya masomo tisa na nyimbo. Chanzo chake ni Truro, kusini magharibi mwa Uingereza, 1880, wakati kanisa kuu la huko lilikuwa bado linajengwa na watu wanasali kwenye banda la mbao. Husimuliwa kwamba askofu alitaka kuwatoa watu baa mkesha wa Krismasi. Cambridge waliianza 1918, vita vikiwa vimeisha mwezi uliotangulia, na padri aliyeiandaa, Eric Milner-White, alikuwa ametoka vitani. Redioni imekuwapo tangu 1928, ikakosa mwaka 1930 tu. Wakati wa Vita vya Pili vioo vya rangi viliondolewa madirishani, kanisa halikuwa na joto, na mtangazaji hakutaja ibada inatoka wapi, kwa sababu za usalama. Lakini iliendelea.

Raha yake kwangu iko kwenye dakika ya kwanza. Wimbo wa ufunguzi ni uleule tangu 1919, na ubeti wa kwanza anaimba mtoto mmoja peke yake bila ala. Wavulana kadhaa wanaandaliwa, na hakuna anayejua ni nani. Taa nyekundu ya redio inakaribia kuwaka, kiongozi wa kwaya ananyoosha kidole kwa mmoja, huyo anapiga hatua mbele na kuanza. Wanasema ni ili asipate muda wa kuogopa. Ukiijua siri hii, ile sauti ya kwanza unaisikiliza umeshika roho.

Jioni ileile ni ya "Stille Nacht", inayojulikana zaidi kama "Silent Night". Desemba 24, 1818, Oberndorf, karibu na Salzburg, Austria. Padri msaidizi Joseph Mohr alikuwa na shairi lake la 1816, akamwomba mwalimu Franz Xaver Gruber alitie tuni ya sauti mbili na gitaa. Eti panya walitafuna kinanda cha kanisa: hiyo ni hadithi iliyozuka baadaye, msiibebe. Waliosambaza wimbo ni familia za waimbaji kutoka bonde la Ziller, Tirol, waliokuwa wakizunguka Ulaya. Na mkesha wa Krismasi 1914 askari wa Ujerumani na Uingereza waliuimba kutoka mahandaki yaliyotazamana, kila upande kwa lugha yake.

Ushauri: huo uuimbeni kwa gitaa, taratibu, sauti mbili tu, kama ulivyozaliwa. Kwa okestra na ngoma unakufa.

Wadenmaki jioni hiyohiyo wanawasha mishumaa ya kweli kwenye mti, wanashikana mikono na kuuzunguka wakiimba, babu mpaka mjukuu. Wakichangamka, msururu unatoka sebuleni na kukimbia nyumba nzima.

Sauti ya Tatu

Mkuu nakuelewa, lakini mimi sijui kuimba. Nikienda kwenye hizo ibada na vikao si nitawaharibia?

Mwanzisha uzi

Ndugu Sauti ya Tatu, wewe ndiye hasa ninayemwandikia.

Nyimbo za mkusanyiko zimewekwa kwa watu wa kawaida. Kaa katikati, si mwanzoni wala ukutani, karibu na mtu anayeimba kwa uhakika, ufuate sauti yake. Ikipanda juu sana, shuka oktava moja ya chini, hakuna atakayekutazama. Ubeti wa mwisho usishtuke: makanisa ya Kiingereza yana mtindo wa kuziachia sauti za kwanza zipande na tuni nyingine juu ya ile mnayoimba. Usiwafuate. Shikilia yako, wao wameegemea kwenu.

Finland wana kitu chepesi zaidi. Tangu 1973 makanisa huandaa jioni za kuimba nyimbo nzuri za Krismasi: unaingia, unapewa kijitabu, mnaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, mnatoa mchango, mnaondoka. Hakuna mahubiri marefu.

Mpuliza Tarumbeta

Wazee wa kazi, niongeze upande wa wapigaji, maana watu hudhani tunafanya makusudi kukosa tuni nje.

Baridi inazishusha ala za kupuliza. Hewa iliyomo ndani ya bomba ikipoa, sauti inasafiri polepole, noti inashuka. Nyuzi za chuma za gitaa zenyewe zinajikaza zikipoa, noti inapanda. Sasa weka tarumbeta na gitaa pamoja mtaani kwenye theluji: mmoja anakwenda chini, mwingine juu, na hakuna aliyekosea. Dawa ni kupuliza hewa ya moto ndani ya ala katikati ya nyimbo bila kutoa sauti, na kuchagua nyimbo fupi. Ukiingia ndani usitune hapohapo, iache ala izoee joto la chumba kwanza. Na mdomo wa tarumbeta tumia wa plastiki, ule wa chuma unaganda midomoni.

Waimbaji: skafu mdomoni mpaka zamu yenu ifike, na vuteni pumzi kwa pua.

Kinanda Kikuukuu

Nimerudi. Nakubali yaishe kuhusu "Jingle Bells". Lakini baada ya tarehe 25 kuna nini? Mimi naona ni mabaki tu.

Mwanzisha uzi

Mkuu, baada ya 25 ndipo penye vituko!

Usiku wa mwaka mpya kuna "Auld Lang Syne", wimbo wa Waskoti ambao Robert Burns aliupeleka kwa mchapishaji 1788 akisema ameuchukua kwa mzee mmoja. Saa yake ni saa sita kamili usiku, wala hauchezwi kabla. Kwa Waskoti mikono haipishanishwi kifuani mpaka ubeti wa mwisho. Wageni wanaianza mapema na kujifunga kamba bure.

Januari 1 asubuhi ni tamasha la mwaka mpya la Vienna, ukumbi wa Musikverein. Tamasha hili lilianza Desemba 31, 1939, chini ya Wanazi, na haifai kulificha hilo. Televisheni ilianza kulirusha 1959, na tiketi sasa zinapatikana kwa bahati nasibu. Mwishoni okestra inaanza ile waltz ya mto Danube, watu wanakatiza kwa makofi, kiongozi anageuka, yeye na wanamuziki wanawatakia heri ya mwaka mpya, ndipo wanaianza tena. Kisha machi ya Radetzky, na kiongozi anaacha okestra ijiendee, anaongoza makofi ya watazamaji: hapa taratibu, hapa kwa nguvu. Ukumbi wa watu waliovaa suti unageuka kuwa ala. Ukiwa nyumbani piga makofi pia, usijifanye mtu mzima.

Wales kusini wana Mari Lwyd. Fuvu la farasi juu ya mti, limevikwa shuka jeupe na riboni, taya linafunguka na kufunga kwa kamba. Kundi linabisha mlangoni na kuimba beti za kuomba kuingia. Wenye nyumba wanajibu kwa beti za kukataa, na za kuwakejeli. Wanajibizana hivyo hadi upande mmoja uishiwe, na kwa kawaida wenye nyumba ndio huishiwa, wafungue, watu wale na wanywe. Sisi wenye lugha ya malumbano ya mashairi tungeshinda wapi hawa!

Januari 6, Ujerumani na Austria, watoto waliovaa kama mamajusi wanapita nyumba kwa nyumba na nyota kwenye mti, wanaimba, wanachangisha fedha za watoto wenye shida, na kuandika mlangoni kwa chaki mwaka na herufi C, M, B, kifupi cha maneno ya Kilatini "Kristo aibariki nyumba hii".

Na Januari 17 Somerset, Uingereza, watu wanakwenda usiku shambani kuwaimbia miti ya matofaa. Mkate uliolowekwa kwenye kinywaji cha matofaa unatundikwa matawini, sufuria zinagongwa, bunduki zinapigwa hewani kufukuza pepo wabaya, mti uzae vizuri. Kalenda ya Uingereza ilibadilishwa 1752, wao tarehe ya zamani ya mwisho wa siku kumi na mbili hawakuiacha.

Jua Linachomoza

Mkuu umewaacha Wajapani. Desemba kwao ni Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Wafungwa wa vita wa Kijerumani ndio walioipiga nzima nchini humo mara ya kwanza, kambi ya Bandō, Juni 1, 1918. Leo kwaya za watu wa kawaida zinafanya mazoezi miezi mingi kuiimba mwisho wa mwaka, na Osaka tangu 1983 wanaimba watu elfu kumi kwa pamoja. Sauti ya Tatu, ukiwa mmoja kati ya elfu kumi nani atakusikia?

Sauti ya Tatu

Hahaha, hapo nimeelewa. Swali la mwisho mkuu: nyumbani kwetu wameshaanza kupiga ule wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey na bado ni Novemba. Nifanyeje bila ugomvi?

Mwanzisha uzi

Usiuzime, utaitwa mchawi wa sikukuu. Hata wimbo huo ulikuwa na subira: ulitoka 1994 na haukushika namba moja Marekani mpaka Desemba 2019.

Omba upewe nyimbo tatu tu za kuzifungia. Hizo zisipigwe kabla ya usiku wa 24, na zikifika ziimbwe na waliomo ndani, spika zikiwa zimezimwa. Zilizobaki wapige watakavyo. Chagua tatu ambazo angalau watu wawili nyumbani wanajua beti zote, maana nyumba nyingi zinajua kiitikio tu halafu zinaguna. Ukinitajia mnazozijua nitakwambia ipi mwanzie ufunguo gani ili wenye sauti nzito wasiumie.